Vumbi la Ziwa Lililokauka Huzuiwa Ardhini, si Puani

Bila shaka umewahi kuona wingu la vumbi likija kwa mbali wakati wa kiangazi. Nguo huanuliwa upesi kutoka kambani, mitungi hufunikwa, watoto huitwa ndani. Baada ya muda wingu limepita, watu hujikung'uta, wanakohoa kidogo, na kazi inaendelea. Wengi wetu tumezoea kuliona vumbi kuwa ni adha tu, kama nzi au matope ya masika.

Katika somo la leo tutazungumza juu ya vumbi ambalo halifai kuchukuliwa hivyo. Ni vumbi linalotoka katika ziwa lililokauka. Ziwa likikauka, ile ardhi iliyokuwa chini ya maji, yaani sakafu ya ziwa, inabaki wazi. Inaonekana tupu, haina mtu, haina mmea. Watu husema, "Pale hapana kitu." Kumbe ndipo penye hatari.

Tutachukua mfano wa mbali, wa Ziwa Owens katika jimbo la California, Marekani. Kwa nini twende mbali hivyo? Sababu ni mbili. Ya kwanza, huko vumbi limepimwa kwa miaka mingi na kila njia ya kulizuia imejaribiwa, hata zile zilizoshindwa. Ya pili, ardhi ya ziwa lile ni ya chumvi na magadi, kama ilivyo katika maziwa yetu kadhaa ya Bonde la Ufa. Anayeishi karibu na Eyasi, Manyara au Natron hatahitaji kuelezwa magadi ni kitu gani.

ZIWA LILIVYOKAUKA

Ziwa Owens liko katika bonde refu kati ya milima miwili. Upande wa magharibi iko milima mirefu ya Sierra Nevada, ambayo vilele vyake hupata theluji nyingi wakati wa baridi. Theluji hiyo ikiyeyuka, maji yake huteremka mtoni na kuingia ziwani. Ziwa halikuwa na mto wa kutokea. Maji yaliingia, jua likayakausha kidogo kidogo, na chumvi ikabaki. Kwa maelfu ya miaka chumvi hiyo ilizidi kujikusanya. Hata hivyo lilikuwa ziwa kubwa, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 280. Mwaka 1872 iliwekwa majini meli ya mvuke, iliyokuwa ikivusha fedha kutoka machimbo ya Cerro Gordo. Wenyeji wa asili wa bonde hilo, Wapaiute, waliishi kando ya ziwa na mto huo tangu zamani sana, na walikuwa na mifereji yao ya kumwagilia majani waliyoyala mizizi yake.

Mambo yalibadilika mwaka 1913. Jiji la Los Angeles, lililo mbali upande wa kusini, lilikuwa likikua haraka na lilihitaji maji. Wahandisi wake wakajenga mfereji na mabomba yenye urefu wa karibu kilomita 375, wakayageuza maji ya Mto Owens kabla hayajafika ziwani. Wakulima wa bonde walilalamika. Mwaka 1924 baadhi yao waliulipua mfereji kwa baruti, na wengine wakayateka malango yake kwa siku kadhaa. Haikusaidia. Ilipofika mwaka 1926 ziwa lilikuwa limekauka. Katikati likabaki dimbwi la maji ya chumvi kali.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Jiji lilipata maji, likastawi. Wakulima walipoteza maji, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu. Lakini hasara ya tatu haikuandikwa katika mkataba wowote: ni nani atakayevuta hewa itakayotoka katika ile ardhi iliyoachwa wazi? Swali hilo lilichukua zaidi ya miaka 70 kupata jibu.

KWA NINI VUMBI HILI NI KALI KULIKO LA BARABARANI

Tuangalie sasa ardhi yenyewe inavyofanya kazi. Mahali hapa tuende polepole, maana asiyeelewa jambo hili atapoteza nguvu na fedha zake bure.

Chini ya sakafu ya ziwa lililokauka kuna maji bado, tena si mbali. Maji hayo yana chumvi nyingi. Jua na upepo vinapokausha udongo wa juu, maji ya chini hupanda kupitia vitundu vidogo vya udongo, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki. Kwa njia hiyo hufanyika ukoko wa chumvi juu ya ardhi.

Wakati wa joto ukoko huo huwa mgumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Upepo hupita juu yake bila kuchukua kitu. Lakini wakati wa baridi na unyevu, magadi hunywa maji, huvimba, na ukoko huumuka. Ukikauka tena unakuwa laini kama unga. Ukiugusa kwa kidole unavunjika. Ndiyo sababu katika Ziwa Owens vumbi baya halitoki wakati wa joto kali kama mtu angedhani, bali hutoka kati ya Oktoba na Juni.

Jambo la pili ni mchanga. Chembe ya vumbi laini ni ndogo na nyepesi, lakini imeshikamana na wenzake, na upepo peke yake huushindwa mshikamano huo mara nyingi. Chembe ya mchanga ni kubwa zaidi. Upepo mkali huiinua kidogo, inaruka, halafu inaanguka. Inapoanguka inaupiga ukoko na kuuvunja, na vumbi laini linatimka. Chembe ile inaruka tena na kupiga mbele kidogo. Mamilioni ya chembe za mchanga zikiruka namna hiyo ni kama mchi unaotwanga katika kinu: mchanga ndio mchi, sakafu ya ziwa ndiyo nafaka, na vumbi ndio unga unaopaa.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia vumbi lazima aushike mchanga usiruke. Vumbi likishapaa, hakuna mtu awezaye kulirudisha.

LINAINGIAJE MWILINI

Wataalamu hupima ukubwa wa chembe za vumbi kwa kipimo kiitwacho mikroni. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita moja. Unywele mmoja wa mtu una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi. Chembe kubwa za vumbi hunaswa na vinyweleo na kamasi za puani, na ndiyo maana ukipenga kamasi baada ya safari ya lori unaona uchafu mwekundu. Hizo zimezuiwa. Zinazotutia wasiwasi ni chembe za mikroni 10 kushuka chini. Hizo hupita puani na kooni zikaingia katika njia za hewa za kifua. Zilizo ndogo zaidi, chini ya mikroni mbili na nusu, hufika hata kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, mahali damu inapochukulia hewa safi.

Huko ndani zinaleta nini? Mwenye pumu hubanwa kifua. Mwenye mkamba, yaani uvimbe wa njia za hewa, huzidiwa na kikohozi. Mwenye ugonjwa wa moyo huongezewa mzigo, kwa sababu mapafu yakishindwa kazi moyo hulazimika kupiga kwa nguvu zaidi. Walio katika hatari kubwa ni watoto wadogo, ambao mapafu yao bado yanakua, na wazee. Tena vumbi la Ziwa Owens lina chumvi, na ndani yake mna kiasi kidogo cha sumu za asili kama aseniki na kadimi zilizokusanyika ziwani kwa muda mrefu. Maji yalipokuwapo, sumu hizo zilitulia chini yake.

Jambo moja la kusikitisha ni kwamba vumbi hili halionekani lote. Wingu jeupe likishapita, chembe ndogo kabisa zinaweza kubaki hewani kwa saa nyingi. Mtu anafungua dirisha akidhani hewa imetakata, kumbe bado.

KIPIMO NDICHO KILICHOMALIZA UBISHI

Kwa muda mrefu watu wa vijiji vya kando ya ziwa, kama Keeler na Olancha, na mji mdogo wa Lone Pine, walisema vumbi linawaumiza. Waliambiwa kuwa jangwani vumbi ni jambo la kawaida. Ndugu msomaji, usemi huo ni mwepesi sana kwa mtu anayeishi mbali. Ili kuujibu ilihitajika namba.

Sheria ya Marekani inasema kuwa hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 150 za chembe hizo za mikroni 10 katika kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021, linashauri kiwango cha chini zaidi, mikrogramu 45. Je, katika Ziwa Owens vipimo vilionyesha nini? Ziko siku ambazo kiwango cha sheria kilizidishwa zaidi ya mara 100. Ikadhihirika kwamba ziwa lile kavu lilikuwa chanzo kimoja kikubwa kuliko vyote vya vumbi la namna hiyo katika Marekani nzima, nchi yenye viwanda vingi kiasi kile.

Mwaka 1983 jimbo la California lilipitisha sheria. Jiji la Los Angeles liliruhusiwa kuendelea kuchukua maji, lakini likatakiwa kulipa gharama za kuzuia vumbi linalotokana na kuyachukua. Idara ya hewa ya wilaya zile, iitwayo Great Basin, ikapewa uwezo wa kuliamuru jiji kufanya kazi hiyo. Ubishi haukuisha hapo. Ulikwenda mezani na mahakamani, na mwaka 1998 pande hizo mbili zilikubaliana. Maji ya kwanza ya kuzuia vumbi yalimwagwa juu ya sakafu ya ziwa mwaka 2001. Hesabu mwenyewe: tangu 1926 hadi 2001 ni miaka 75. Mtoto aliyezaliwa Keeler ziwa lilipokauka alikuwa babu.

Wataalamu hawakumwaga maji ovyo. Kwanza walitaka kujua ni sehemu gani hasa inayotoa vumbi, kwa sababu si sakafu yote iliyo mbaya sawasawa. Walifukia ardhini mirija ya kunasa mchanga unaoruka, wakaipanga mahali pengi, na baada ya kila upepo wakapima mchanga ulionaswa. Waliweka kamera juu ya vilima, na watu wakaangalia mawingu yanainukia wapi. Kijiji chochote kinaweza kufanya sehemu ya kazi hii kwa macho na daftari tu: siku gani, upepo kutoka wapi, wingu liliinukia wapi. Daftari la miezi sita lina nguvu kuliko malalamiko ya miaka sita.

MAJI, MAJANI NA KOKOTO

Njia tatu ndizo zilizokubaliwa hapo mwanzo, na zote zinafanya kazi kwa kuushika mchanga.

Ya kwanza ni kuloweka. Maji huletwa kwa mabomba na kutandazwa juu ya ardhi kama ngozi nyembamba, si kujaza ziwa. Inatosha kama robo tatu ya eneo itakuwa na maji au imelowa vizuri wakati wa msimu wa vumbi, Oktoba hadi mwisho wa Juni. Mchanga uliolowa hauruki. Njia hii ilifaulu sana, na ilileta faida ambayo wengi hawakuitazamia kwa kiasi kile. Katika maji yale ya chumvi walizaliana nzi wadogo na kamba wadogo wa maji ya chumvi, na kuwafuata hao wakaja ndege wa ufukoni kwa makumi ya maelfu, wale wanaosafiri kila mwaka kutoka kaskazini kwenda kusini. Ziwa lililokuwa limekufa likaanza kusikika sauti tena. Ubaya wa njia hii ni kwamba inakula maji mengi, nayo ni maji yaleyale ambayo jiji lilikuwa linayataka.

Ya pili ni majani. Mti wa kawaida hauwezi kuota juu ya magadi, wala mahindi, wala nyasi za malisho za kawaida. Wakachagua nyasi za asili za bonde lenyewe, zinazovumilia chumvi. Hata hizo hazikuota kwa kupandwa tu. Ilibidi kwanza udongo uoshwe chumvi kwa maji, mabomba yafukiwe chini ili kuondoa maji ya chumvi yasipande tena, na kisha kila mstari upewe maji tone kwa tone kwa mipira yenye vitundu. Majani yakishashika, huvunja nguvu ya upepo karibu na ardhi na mizizi hushika udongo. Wala si lazima yafunike ardhi yote. Upepo unaokutana na vizuizi vingi vidogo huchoka kabla ya kuinua mchanga.

Ya tatu ni kokoto. Tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 10 hivi hutandazwa juu ya ardhi. Hapa kumbuka mfano wetu wa utambi. Udongo laini hupandisha maji ya chumvi kwa sababu vitundu vyake ni vidogo. Kati ya kokoto na kokoto nafasi ni kubwa, maji hayawezi kupanda, kwa hiyo chumvi haifiki juu na ukoko haufanyiki. Mahali penye udongo teketeke hutandikwa kwanza kitambaa kigumu ili kokoto zisizame. Njia hii haihitaji maji baada ya kumalizika. Lakini kokoto ni ghali kuchimba na kusomba, na mahali pale hapaoti kitu wala hapatui ndege.

Baadaye zikaja njia nyingine. Mwaka 2014 jiji na idara ya hewa walipatana kuhusu kiasi cha eneo ambalo jiji litawajibika kulishughulikia, na pia kuhusu matumizi ya njia zinazotumia maji kidogo. Moja ni kutifua ardhi ya mfinyanzi kuwa matuta makubwa yenye mabonge. Mchanga ukiruka huangukia mfereji kati ya matuta na kukwama. Lakini matuta huporomoka, na yakiporomoka ni lazima yatifuliwe upya au eneo liloweshwe. Pale kwenye vilima vya mchanga karibu na Keeler walitumia jambo ambalo mkulima yeyote angelielewa: walipanga maelfu ya marobota ya majani makavu, na katika kivuli cha kila robota wakapanda vichaka vya asili. Robota huukinga mche hadi uote, halafu linaoza, kichaka kinachukua zamu.

Leo zaidi ya kilomita za mraba 120 za sakafu ya ziwa zimewekewa kizuizi cha namna moja au nyingine. Vumbi limepungua kwa kiasi kikubwa sana, ingawa halijakwisha, na siku za upepo mkali idara ya hewa bado hutoa tahadhari kwa wananchi. Jiji limekwisha tumia zaidi ya dola bilioni mbili. Tena kazi haina siku ya kumalizika: mabomba yakifungwa, ardhi itakauka na vumbi litarudi.

Mfano mwingine wa karibu na hapo unafaa kulinganishwa. Ziwa Mono liko kaskazini ya Owens, na jiji lilelile lilianza kuchukua maji ya mito yake mwaka 1941. Ziwa likashuka, kingo zikaanza kutoa vumbi. Lakini huko wananchi walianza mapema kudai, na mwaka 1994 bodi ya maji ya jimbo iliamuru kwamba maji yaachwe yatiririke hadi ziwa lipande kufikia kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho hakijafikiwa hadi sasa. Lakini ziwa lipo, lina maji. Mimi ningechagua ubishi wa Mono kuliko mabilioni ya Owens.

NA SISI JE?

Katika Tanzania, Eyasi na Manyara ni maziwa ya kina kifupi yenye chumvi na magadi. Mwaka wa ukame sehemu kubwa ya sakafu zake hubaki wazi. Ng'ambo ya mpaka, katika Kenya, ziwa la Amboseli huwa kavu muda mwingi wa mwaka, na wapitao pale wanajua vumbi lake jeupe. Hali hizo si sawa na ya Owens, maana ukame wa msimu ni jambo la asili na maji hurudi. Lakini ardhi ya magadi hufuata kanuni ileile popote ilipo.

Kama kijiji chako kiko karibu na mahali pa namna hiyo, huna bilioni mbili, wala huzihitaji ili kuanza. Ukoko ambao haujavunjwa ni kinga ya bure. Kwato za ng'ombe, magurudumu ya lori na pikipiki huuvunja kama mchanga unavyouvunja. Kubalianeni mifugo na magari yapite njia moja, siyo kila mtu kukata njia yake. Majani mafupi yanayoota yenyewe pembezoni mwa magadi yasichomwe wala kung'olewa, hata kama ng'ombe hawayapendi. Ukitaka kujua ni jani gani linalofaa kupandwa pale, usiulize duka la mbegu. Tazama lile linaloota lenyewe. Na mto unaoingia ziwani ukikatwa mifereji mipya juu, wananchi wa chini waulize katika Bodi ya Maji ya Bonde lao: maji yatakayobaki yatafika wapi?

Siku ya vumbi lenyewe, wazuie watoto na wazee ndani, na funga upande unaokabili upepo. Ahirisha kazi nzito, kwa sababu mtu anayelima au kukimbia huvuta hewa nyingi zaidi. Kitambaa kilicholowa maji puani huzuia vumbi kubwa tu. Usijidanganye kuwa kinazuia lile laini. Barakoa maalumu za kazi ya vumbi, zinazobana vizuri usoni, hufaa zaidi. Funika maji na chakula. Upepo ukitulia, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na futa vyombo kwa kitambaa chenye maji, maana kufagia pakavu ni kulipandisha vumbi lilelile mara ya pili. Jicho likiingiwa usilifikiche, lioshe kwa maji safi. Tena usiwashe kuni ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya vumbi. Moshi nao una chembe za ukubwa uleule, na hapo utakuwa umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Mwenye pumu awe na dawa yake karibu kabla ya msimu, si kuitafuta kifua kimekwisha bana. Mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe zahanati saa ileile. Hiyo ni dalili ya kichomi na si ya kungojea kesho. Na mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi asiseme, "Ni vumbi tu." Akapimwe makohozi. Kifua kikuu kimejificha nyuma ya neno hilo mara nyingi mno.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini katika Ziwa Owens vumbi hutoka zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wa joto? Elezeni kwa kutumia mfano wa utambi na mfano wa mchi.

2. Kijiji kina sehemu kavu ya magadi ambapo ng'ombe hupita kila siku kwenda kunywa maji. Chora ramani yake ardhini kwa kijiti. Njia moja ya mifugo ingepita wapi? Nani atakayepata usumbufu, naye atasaidiwaje?

3. Jiji lilichukua maji mwaka 1913, likaanza kuzuia vumbi mwaka 2001. Katika miaka hiyo, ni wakati gani watu wa Keeler wangeweza kusikilizwa mapema zaidi, na walikosa nini mkononi?

4. Mwanakikundi mmoja ajitolee kuandika katika daftari, kwa mwezi mmoja, kila siku ya vumbi: saa, upepo unakotoka, na mahali wingu linapoinukia. Mlete daftari hilo katika mkutano ujao.